Kukatika kwa Mawasiliano katika Madaftari ya Programu na Athari Zake kwa Utafiti wa Lugha

Ikisiri

Makala haya yanachunguza matatizo ya mawasiliano yanayowapata watafiti wa lugha wanaotumia madaftari ya programu, hususan Jupyter, katika kuchanganua koposi. Hoja yetu ni kwamba kile kinachoitwa "muunganisho" ni viungo vitatu vilivyo mbalimbali, na kila kimojawapo kikikatika huacha dalili yake na hasara yake. Tunadai pia kwamba mkatiko unaoonekana wazi sio wenye madhara makubwa kwa taaluma. Ulio hatari zaidi ni ule unaojirekebisha wenyewe, mtafiti akaendelea na kazi bila kujua kwamba kumbukumbu aliyokuwa akiitegemea imekwisha kufutika.

1.0 Utangulizi

Mtafiti wa Kiswahili wa zamani aliyetaka kujua, tuseme, ni mara ngapi nomino za ngeli ya 9/10 zinazotaja viumbe huchukua upatanisho wa ngeli ya 1/2, alikusanya mifano kwenye vikaratasi na kuihesabu kwa mkono. Vikaratasi vile vilikuwa na sifa moja ambayo hatukuithamini vya kutosha: vilibaki mezani hata taa ikizimika. Siku hizi kazi hiyo hufanywa kwa kompyuta juu ya koposi kubwa, kama vile Koposi ya Kiswahili ya Helsinki ambayo toleo lake la pili, la mwaka 2016, lina maneno takriban milioni 25. Chombo ambacho wanafunzi wengi hukitumia kuisoma koposi ya ukubwa huo ni daftari la programu, yaani waraka mmoja wenye maelezo ya kawaida, amri za programu na matokeo ya amri hizo, vyote vikifuatana katika ukurasa mmoja wa kivinjari.

Historia ya chombo hiki ni fupi. Fernando Pérez alianza kuiandika IPython mwaka 2001. Daftari lenyewe lilitoka mwaka 2011. Na mwaka 2014 mradi ulipopanuka kuzihudumia lugha nyingine za programu ukaitwa Jupyter, jina linalokumbusha Julia, Python na R. Huduma ya Google iitwayo Colab, ambayo huendesha madaftari ya aina hiyo katika kompyuta za kampuni hiyo, ilifunguliwa kwa umma mwaka 2017.

Mwanafunzi wa uzamili akiona maandishi yanayosema kwamba muunganisho umepotea, aghalabu hufanya mambo mawili: huulaumu mtandao wa chuo, kisha huupakia upya ukurasa. La kwanza mara nyingi si kweli. La pili, kama tutakavyoonyesha katika sehemu ya 4.0, laweza kumpotezea kile hasa alichotaka kukiokoa.

Kwa upande wa istilahi, tutatumia "kiini" kwa ile programu inayozitekeleza amri na kuzihifadhi data katika kumbukumbu. "Kisanduku" kwa kila kipande cha daftari kinachotekelezwa peke yake. Na "mlango" kwa namba ambayo kwayo programu moja huifikia nyingine katika kompyuta. Wako wanaosema "kerneli" na "seli". Hatuna ugomvi nao, ila "seli" tayari ina kazi nyingi mno katika lugha yetu, kuanzia biolojia hadi gerezani.

2.0 Viungo Vitatu

Mtumiaji huona kitu kimoja tu, yaani ukurasa. Nyuma ya ukurasa huo kuna programu tatu zinazojitegemea: kivinjari, seva ya Jupyter, na kiini. Kivinjari huonyesha waraka. Seva hutunza mafaili na kupeleka ujumbe huku na huko mithili ya tarishi. Kiini ndicho kinachofanya hesabu, na ndicho pekee kinachojua kwamba kigeu fulani kina thamani fulani. Mpangilio ni huohuo hata programu zote tatu zikiwa ndani ya kompyuta moja iliyoko mapajani mwa mtafiti. Ndiyo maana muunganisho huweza "kupotea" katika chumba kisicho na intaneti kabisa. Hapo kivinjari huifikia seva kwa anwani 127.0.0.1, ambayo ni namba ambayo kwayo kompyuta hujiita yenyewe, na ujumbe hautoki nje ya mashine.

Kiungo cha kwanza ni njia ya kawaida ya HTTP kati ya kivinjari na seva. Kwa njia hiyo ukurasa hufunguliwa, faili huorodheshwa na daftari huhifadhiwa. Kila ombi lina jibu lake, kisha shughuli hiyo imekwisha.

Kiungo cha pili kiko kati ya hao hao wawili, lakini ni cha tabia nyingine. Amri inapotekelezwa, matokeo yake huweza kuja baada ya sekunde moja au baada ya saa tatu, tena kwa vipande. Kwa hiyo panahitajika njia inayobaki wazi muda wote. Njia hiyo ni WebSocket, itifaki iliyosanifiwa rasmi mwaka 2011. Huanza kama ombi la kawaida la HTTP linaloomba kubadilisha itifaki, na seva ikikubali hujibu kwa namba 101.

Kiungo cha tatu ni kati ya seva na kiini. Hapa hutumika maktaba ya ZeroMQ, na kiini husikiliza katika milango mitano: mmoja wa amri za kawaida, mmoja wa kutangaza matokeo, mmoja wa kumwomba mtumiaji aandike jambo, mmoja wa amri za dharura kama kusimamisha kazi, na mmoja wa kupima kama kiini kingali hai. Namba za milango hiyo, pamoja na ufunguo wa kuthibitisha kwamba ujumbe haukughushiwa, huandikwa katika faili dogo kila kiini kinapoanzishwa.

3.0 Kukitambua Kiungo Kilichokatika

Mtafiti hana haja ya kuwa mhandisi ili atambue mkatiko uko wapi. Jaribio lenye manufaa kuliko yote ni jepesi: daftari linahifadhika? Likihifadhika ilhali visanduku havitekelezeki, kiungo cha kwanza ni kizima, na lawama zote kwa mtandao kwa jumla hazina msingi. Tatizo liko katika kiungo cha pili au cha tatu. Lisipohifadhika, basi seva haifikiki, na hakuna maana ya kuhangaika na kiini.

3.1 Ukurasa usiofunguka

Jupyter kwa kawaida hutumia mlango namba 8888. Mlango huo ukiwa tayari una mtu, huchukua 8889, na kuendelea. Hapa ndipo linapozuka kosa moja linalowasumbua hasa wanaofanya kazi na seva ya mbali kupitia handaki la SSH. Mwanafunzi ana Jupyter inayoendeshwa katika kompyuta yake mwenyewe, ameisahau, nayo imeshika mlango 8888. Anafungua handaki kuelekea seva ya chuo kwa namba hiyohiyo. Handaki linashindwa kuushika mlango, onyo linapita kwa mstari mmoja asiousoma, kisha kivinjari kinamfikisha kwenye seva yake mwenyewe, ambayo inaikataa tokeni aliyopewa na chuo. Yeye huona kwamba nywila imekataliwa, kumbe amebisha hodi nyumba siyo. Dawa ni kuchagua namba nyingine upande wake, kwa mfano ssh -L 9999:localhost:8888, kisha kufungua mlango 9999 katika kivinjari. Amri ya jupyter server list nayo humwonyesha ni seva zipi zinazoendeshwa katika mashine husika, kwa milango ipi na tokeni zipi.

Tokeni yenyewe ilianza kudaiwa kwa kawaida tangu toleo la 4.3 la mwaka 2016, na hubadilika kila seva inapoanzishwa upya isipokuwa mtumiaji ameweka nywila yake. Anwani iliyohifadhiwa jana, basi, haina ahadi ya kufanya kazi leo.

3.2 Ukurasa unaofunguka lakini hautendi

Hii ndiyo hali inayokanganya zaidi. Daftari linaonekana, maelezo yanasomeka, faili linahifadhika, lakini kila kisanduku kinachotekelezwa kinabaki kimya na pembeni kuna maandishi kwamba kiini kinaunganishwa. Aghalabu sababu ni kwamba kati ya kivinjari na seva pana seva wakala ambayo hairuhusu kubadilisha itifaki. Vyuo vingi hupitisha mawasiliano yote katika seva wakala, na msimamizi asipoiagiza waziwazi ipitishe ombi la kubadilisha itifaki, ombi hilo hufika kwenye Jupyter likiwa limenyofolewa sehemu yake muhimu, na jibu huwa ni kosa namba 400 badala ya 101. Namba hizi huonekana katika zana za wasanidi zilizomo ndani ya kivinjari, na mwanafunzi anayemwendea msimamizi na namba mkononi husikilizwa haraka kuliko anayesema tu kwamba "haifanyi kazi".

Mkatiko unaojirudia kila baada ya muda uleule nao una tafsiri yake. Nginx, kwa mfano, isipoelekezwa vingine hukifunga kiungo baada ya sekunde 60 za ukimya. Mtandao mbovu hukatika ovyo, lakini kukatika kwa saa ni kazi ya mpangilio alioweka mtu. Na iwapo seva iko katika kompyuta hiyohiyo ya mtafiti, ni vyema kuhakikisha kwamba kivinjari hakiagizwi kupeleka hata anwani 127.0.0.1 kwa seva wakala ya chuo, kwani wakala huyo hana njia ya kurudi ndani ya kompyuta ya mtafiti.

3.3 Kiini kisichoanza, na kiini kinachokufa

Kiini kisichoanza kabisa mara nyingi kimekosa anwani yake. Jupyter hukitafuta kiini kupitia faili liitwalo kernel.json, ambamo imeandikwa njia ya kuifikia Python inayotakiwa. Mtafiti akiifuta au kuihamisha folda ya Python hiyo, faili hubaki likielekeza mahali pasipokuwapo. Amri ya jupyter kernelspec list huonyesha mafaili hayo yako wapi, na kulifungua moja na kulisoma ni kazi ya dakika moja. Sababu nyingine ya kawaida ni kwamba kifurushi cha ipykernel hakikuwekwa katika mazingira yale mapya ya Python.

Kiini kinachokufa katikati ya kazi ni habari nyingine, na kwa wachanganuzi wa koposi chanzo chake karibu kila mara ni kumbukumbu. Hebu tupige hesabu. Neno "mtoto" katika faili la matini huchukua baiti 6 pamoja na nafasi inayolifuata. Likisomwa na Python na kuwekwa katika orodha kama kipashio cha peke yake, huchukua zaidi ya baiti 50, maana kila neno hubeba pia taarifa zake za ndani na kiashiria cha mahali lilipo. Koposi ya maneno milioni 25 ikikatwakatwa kwa namna hiyo hupita gigabaiti 1 kwa urahisi, nayo bado haijawekewa mizizi, ngeli wala aina za maneno. Mtafiti anayeunda orodha tatu za namna hiyo katika kompyuta yenye gigabaiti 4 amekwisha kuzidisha kiasi. Mfumo wa uendeshaji, ukiona kumbukumbu inakwisha, huichagua programu iliyo na mzigo mkubwa na kuiua bila kuiuliza. Seva na kivinjari huendelea kama kawaida, na mtumiaji huambiwa tu kwamba kiini kinaelekea kuwa kimekufa na kitaanzishwa upya. Hakuna mkatiko wa mtandao hapo. Tiba yake ni ya kiprogramu: faili lisomwe mstari kwa mstari, na kihesabiwacho kihesabiwe papo hapo badala ya kuyashika maneno yote kwa pamoja.

3.4 Vidhaniwavyo kuwa mkatiko

Kisanduku kilichoandikwa nyota katika mabano yake hakijapoteza muunganisho. Kiko kazini au kinangoja zamu, kwa sababu kiini cha Python hutekeleza kisanduku kimoja kwa wakati. Aidha, seva ina kikomo cha wingi wa matokeo, ambacho kwa kawaida ni baiti 1,000,000 kwa sekunde. Anayeagiza mifano yote ya neno "kwa" ichapwe ukurasani atakivuka kikomo hicho mara moja, na seva itaacha kwa muda kuyapeleka matokeo. Kukiongeza kikomo hicho kunawezekana, lakini hatuoni hekima yake. Hakuna atakayesoma mistari laki moja ukurasani. Iandikwe katika faili.

4.0 Kinachopotea na Kinachobaki

Watafiti wengi huamini kwamba kivinjari kikifungwa, kazi imekufa. Sivyo. Kiini hakijui kwamba kivinjari kipo; kinapokea amri kutoka kwa seva na kuendelea nazo hadi mwisho. Anayefunga kivinjari huku hesabu ya saa mbili ikiendelea atakuta, akirudi, kwamba vigeu vyote vimejaa thamani zake. Anachoweza kukosa ni matokeo yaliyotangazwa wakati hayupo, kwa kuwa katika mpangilio wa kawaida wa Jupyter kivinjari ndicho kinachoyapokea matokeo, kuyaweka katika waraka na kuutuma waraka huo uhifadhiwe.

Seva hujaribu kulipunguza tatizo hili. Kiungo cha pili kikikatika, huyaweka akiba matokeo yanayoendelea kutoka katika kiini, na kivinjari kilekile kikiunganika tena katika kikao kilekile hupewa akiba hiyo. Lakini ukurasa unapopakiwa upya, kikao kipya huanza, na akiba iliyowekwa kwa ajili ya kikao cha zamani hutupwa. Kwa hiyo yule anayekimbilia kuupakia upya ukurasa mara aonapo tangazo la mkatiko huyafuta kwa mkono wake matokeo ambayo yangemfikia kama angengoja, au kama angechagua kuunganisha upya kiini kutoka katika orodha ya amri za daftari. Kuunganisha upya na kuanzisha upya ni maneno yanayokaribiana katika orodha hiyo, lakini la pili hufuta kumbukumbu yote.

Tufikie sasa mkatiko ule usioonekana. Kiini kikifa, seva hukianzisha kingine ndani ya sekunde chache. Ukurasa haubadiliki. Matokeo yote ya zamani bado yapo mbele ya macho, nadhifu, ilhali kumbukumbu iliyoyazaa haipo tena. Iwapo kisanduku kinachofuata kinahitaji kigeu kilichopotea, programu hulalamika na mtafiti huzinduka. Taabu iko pale ambapo halalamiki mtu.

Tuchukue mfano. Mtafiti anachunguza matumizi ya kiambishi cha hali "hu-". Katika kisanduku kimoja anachota kwa bahati nasibu sentensi 500 kutoka katika koposi. Katika kingine anatengeneza jedwali la asilimia. Anaanza kuchagua mifano ya kunukuu, na hapo kiini kinakufa. Anatekeleza tena kisanduku cha uchotaji, kisha anaendelea na mifano, akiliacha jedwali kama lilivyo kwa kuwa tayari lipo ukurasani. Asipokuwa ameweka namba ya kuanzia kwa uchotaji wa bahati nasibu, sentensi 500 za mara ya pili si zile za mara ya kwanza. Jedwali la tasnifu yake limetokana na sampuli moja na mifano yake imetokana na nyingine. Hakuna kosa lililotangazwa, na kila namba ukurasani ilipatikana kihalali. Msomaji atakayetaka kuhakiki hataipata sampuli iliyozaa jedwali popote, na mtafiti mwenyewe pia hawezi kuipata.

Daftari lina shahidi wake, hata hivyo. Kila kisanduku kikitekelezwa hupewa namba ya mfuatano katika mabano, na namba hizo huanza upya katika 1 kila kiini kinapoanzishwa. Daftari ambalo juu linasoma 46, 47, 48 na chini yake 3, 4, 5 limepitia viini viwili. Msimamizi wa tasnifu anayeletewa daftari kama kiambatisho hahitaji kuijua Python ili aione dalili hiyo. Anahitaji kutazama ukingo wa kushoto tu. Namba zisizopanda kwa mpangilio zinatosha kumfanya aagize daftari lote litekelezwe upya tangu kisanduku cha kwanza mbele ya kiini kipya, na asilimia zilinganishwe na zilizomo katika sura. Kwa maoni yetu idara zingelifanya sharti hili kuwa la kawaida, kama zinavyodai kanda na hojaji za data ya uwandani.

5.0 Madaftari Yaliyo Mbali

Yaliyosemwa hadi hapa yanawahusu hata wasio na intaneti. Kwa wanaotumia Colab na huduma nyinginezo za namna hiyo, kuna nyongeza ya umbali. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania na Kenya zikiwamo. Mtafiti aliyekuwa na koposi na kiini katika kompyuta yake mwenyewe hakuwa na sababu ya kusimama siku hiyo. Aliyekuwa na vyote viwili ng'ambo hakuweza hata kuuona ukurasa wake.

Tena katika Colab mashine yenyewe ni ya kuazima. Kwa wasiolipa, hudumu kwa muda usiozidi saa 12, na hunyang'anywa mapema zaidi ikionekana kukaa bure. Ikinyang'anywa, hupotea kumbukumbu pamoja na mafaili yaliyohifadhiwa ndani yake. Husalimika tu daftari na kile kilichonakiliwa katika hifadhi ya nje. Mkatiko wa dakika kumi unaomkuta mtumiaji wa seva ya chuo akiwa hajapoteza chochote huweza kumkuta mtumiaji wa Colab akiwa amepoteza koposi aliyoipakia asubuhi nzima.

Kwa kazi ndefu, ushauri wetu ni kuacha kukitegemea kivinjari. Matokeo ya kila hatua kubwa yaandikwe katika faili lenye jina na tarehe, si kuchapwa ukurasani tu. Katika seva ya mbali inayofikiwa kwa SSH, Jupyter ianzishwe ndani ya tmux ili kukatika kwa handaki kusiiue seva pamoja nalo. Na hesabu ikishakuwa imara, daftari zima laweza kutekelezwa bila kivinjari chochote kwa amri ya jupyter nbconvert --to notebook --execute, ambayo huanzisha kiini kipya, hupita visanduku vyote kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho, kisha huandika nakala yenye matokeo. Kisanduku kimoja kikishindwa, amri husimama hapo hapo na kutaja kosa.